Jina Chini ya Karatasi Nyekundu

Kufikia saa nne asubuhi Saw Kheng alikuwa amekwisha kuingia nyumba mbili na kutoka mikono mitupu, na magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika. Alisimama kwenye kibaraza cha duka la majeneza, akaweka kikapu chini, akamngoja mdogo wake. Eng Hooi alikuwa nyuma, anatembea kama mtu anayepelekwa mahakamani, mwavuli mweusi juu ya kichwa na jua lote la Penang juu ya mwavuli.

"Dada, turudi," alisema alipofika. "Jua hili litatuua wote wawili, na wewe bado hujapata pa kuwekwa."

"Ndiyo maana natembea."

"Utatembea mpaka lini?"

"Mpaka nipate. Wewe nani alikulazimisha kuja?"

Eng Hooi alifuta jasho shingoni kwa leso, akaangalia majeneza yaliyopangwa ndani ya duka, kisha akageukia barabara haraka.

Saw Kheng alikuwa na miaka sabini na miwili. Hakuolewa, hakuzaa, na mwisho wa mwezi ule familia ilikuwa inahama. Nyumba waliyozaliwa wote wawili, duka chini na vyumba juu, mwenye nyumba alikuwa amewapa watu wa hoteli, na wao wanahamia ghorofa ya kumi na moja upande wa pili wa mji. Juzi Lay Choo, mke wa Eng Hooi, alikuwa akifungasha vitu vya madhabahu ya wazee. Alikuwa akifuta vibao vya majina kimoja kimoja, babu, bibi, baba, mama, na Saw Kheng akauliza kwa utani cha kwake kitakaa upande gani. Lay Choo hakucheka. "Wifi, na wewe unajua," alisema, akaendelea kufuta.

Alijua. Nani asiyejua katika mitaa ile? Binti akiolewa, jina lake huenda kwa mumewe. Asipoolewa hana pa kukaa, maana madhabahu ya kwao ni ya wana wa kiume na wake zao, na jina la binti likiwekwa pale eti linaziba riziki ya ndugu zake. Ndivyo wanavyosema, na wanaosema ni hao hao waliopikiwa na kufuliwa na binti huyo maisha yao yote. Saw Kheng alimwogesha baba yao aliyepooza kwa miaka kumi na tisa, kisha akamwogesha mama yao kwa miaka kumi na mmoja. Hakuwa akidai shukrani. Alitaka tu kwamba siku akifa jina lake liwe na rafu, mtu aliwashie kijiti cha udi na kuliwekea bakuli la wali. Asiye na kibao huwa mzimu wa barabarani, anagombania makombo na wenzake kila mwezi wa saba. Hilo alilihofia kuliko kufa kwenyewe, wala hakuona haya kulisema.

Zilikuwapo nyumba za wanawake wanaokula mboga tu. Zamani zilikuwa nyingi katika mtaa ule wa Wachina: yaya na wapishi wa matajiri, wanawake waliokataa waume au waliokataliwa, walinunua nyumba kwa kushirikiana, wakaishi humo bila nyama na bila wanaume, na wakifa majina yao yakapangwa ukutani. Shangazi yao Peck Hua alikuwa ndani ya mojawapo. Saw Kheng alipelekwa kumwona mara moja, akiwa na miaka sita, na alichokumbuka ni mlango wa kijani na mkomamanga ndani ya mtungi. Nyumba yenyewe ilikuwa kichochoro gani, akili yake ilikataa kumwambia.

Nyumba ya kwanza waliyoingia asubuhi ile ilikuwa imegeuzwa mkahawa. Rafu za vibao zilikuwepo bado, zimepakwa rangi mpya, na juu yake zimepangwa chupa za buni. Saw Kheng alimuuliza msichana wa pale majina yalikwenda wapi.

"Sijui, Bibi," msichana alisema kwa adabu. "Mimi nilikuta rafu tu."

Nyumba ya pili ilikuwa hai, ila imejaa. Wanawake wawili waliobaki humo waliwaonyesha ukuta uliosongamana majina hadi karibu na dari. "Hata sisi wenyewe tutabanana," mmoja alisema, akacheka kicheko kifupi. Wakawapa chai, wakawaombea heri, wakafunga mlango.

Kwa hiyo walitoka kwenye duka la majeneza wakakata kushoto, wakapita kwa wasuka vikapu, wakapita kwa mchonga sanamu ambaye siku hizi anachonga sumaku za kubandika kwenye friji. Mtaa ulikuwa umejaa wageni. Kwenye kona, ukuta mzima ulikuwa umechorwa bibi kizee anayeshona, na watu wamepanga foleni kupiga picha naye. Saw Kheng aliegemea ukuta ule apumzishe goti. Mwanamke mmoja mwenye kofia pana alimpungia mkono, akitabasamu, kumwomba asogee. Saw Kheng alikuwa amemziba bibi wa kwenye picha.

"Umeona?" Eng Hooi alisema. "Hata bibi wa rangi ana mahali pake."

"Sema tena nikupige kwa kikapu hiki."

"Natania, dada."

"Miaka yote unatania. Nibebee."

Alimpa kikapu. Ndani yake mlikuwa na machungwa mawili, pakiti ya udi na biskuti za dengu, zawadi ya nyumba itakayompokea. Machungwa yalikuwa yamepata moto kwa kuzungushwa. Alihisi uchovu ambao haukuanza siku ile, uchovu wa zamani, na alikuwa karibu kusema haya, turudi. Ndipo akaona kwamba Eng Hooi amekwishapita mdomo wa kichochoro chembamba kwa mwendo wa haraka, yeye ambaye tangu asubuhi alikuwa akijikokota.

"Na huku?"

"Huku hakuna kitu. Pamebomolewa."

"Lini?"

"Zamani. Twende, dada, kuna tambi nzuri pale mbele."

Saw Kheng aliinua macho. Juu ya ukuta, ndani kabisa ya kichochoro, kulikuwa na tawi la mkomamanga lenye maua mekundu. Aliingia, mkono mmoja ukutani, na nyuma yake akamsikia mdogo wake akivuta pumzi.

Mlango wa kijani ulikuwa umepauka tu. Alibisha. Alitokea mwanamke mfupi, mzee kuliko yeye, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, suruali nyeusi na blauzi nyeupe kama walivyovaa zamani. Huyo ndiye Bi Siok, mtunzaji wa nyumba. Alimtazama Saw Kheng kwa upole wa kumtazama mgeni, kisha akamwona aliyesimama nyuma na mwavuli.

"Ah, Mzee Eng Hooi," alisema. "Mbona umerudi mapema hivi? Mafuta ya taa za madhabahu uliyoleta mwaka mpya hata nusu hatujafika."

Saw Kheng aligeuka taratibu, maana shingo nayo ilikuwa inauma, akamtazama mdogo wake. Eng Hooi alikuwa ameukunja mwavuli na kuushika kwa mikono miwili.

"Unakuja hapa?"

"Kila mwaka," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa shangazi?"

"Kwa shangazi pia."

Bi Siok aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akaelewa kwamba amemwaga mchele. Akafungua mlango wote. "Ingieni kwenye kivuli," alisema. "Mzee, wewe unaujua utaratibu. Kengele ya chakula ikilia, wanaume wanatoka."

Ukumbi ulikuwa na giza la baridi na harufu ya udi wa miaka mingi. Majina yalijaa ukuta wa nyuma, maandishi ya dhahabu juu ya mbao nyeusi. Bi Siok alipandisha kidole safu ya tatu. Shangazi Peck Hua yule pale. Na kando yake, bega kwa bega, kilisimama kibao cha ukubwa ule ule kilichofunikwa karatasi nyekundu, dalili kwamba mwenyewe yuko hai bado. Karatasi ilikuwa imechujuka, imekuwa na rangi ya ufizi.

"Ni cha nani?" Saw Kheng aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kujua.

"Chuah Saw Kheng," Bi Siok alisema. "Ndugu yake Mzee huyu. Ndiwe?"

Alitafuta benchi, akakaa. Kwanza alichohisi kilikuwa faraja, na faraja yenyewe ilikuwa kubwa hata akataka kulia: mahali papo, karibu na mtu anayemjua, na hapana haja ya kutembea tena. Laiti angeishia hapo. Lakini alikuwa mtu wa kuuliza.

"Nani alikiweka?"

Bi Siok alileta daftari la majina, kubwa, kurasa zimeliwa na mende. Alisoma kwa kidole. Aliyeweka ni mama yao. Mwaka ulikuwa ule alioanguka baba akapooza, miaka arobaini na mmoja iliyopita, Saw Kheng akiwa na thelathini na mmoja. Mwezi wa tatu.

"Soma tena mwezi."

"Wa tatu. Siku ya kumi na mbili."

Baba alianguka mwezi wa pili. Na mwezi wa nane mwaka ule ule, wakati wa sikukuu ya keki za mbalamwezi, fundi saa mmoja wa mtaa wa pili, Loh Kok Seng, mwanamume mpole mwenye vidole safi, alituma mshenga. Mama alipeleka tarehe zao za kuzaliwa kwa mpiga ramli, akarudi na uso wa huzuni. Nyota zenu haziendani, mwanangu, alisema, mkioana mmoja wenu atakufa. Saw Kheng alilia siku tatu, kisha akamshukuru mama yake kwa kumwokoa. Alimshukuru kwa miaka thelathini, akimlisha uji kwa kijiko.

Kumbe miezi mitano kabla ya mshenga, jina lilikuwa limekwisha kuandikwa.

"Ulijua?" alimuuliza Eng Hooi.

"Mimi ndiye niliyekibeba kibao." Hakumtazama. "Mama alisema ni karatasi nyekundu, ni ya kukuombea maisha marefu."

"Na wewe ukaamini."

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nataka kuoa. Kama wewe ungeondoka, baba angeoshwa na nani? Na Lay Choo, kwao wasingekubali aje kuosha mgonjwa. Niliamini kwa sababu ilinifaa, dada."

"Na tangu mama afe? Tangu asubuhi hii?"

"Nilidhani utachoka. Nilidhani tutarudi nyumbani, halafu nitatafuta namna ya kukuambia."

"Nimechoka," Saw Kheng alisema. "Hilo umelipata."

Alikuwa na hasira, lakini hasira ilikuja bila nguvu, kama chai ya majani yaliyokwisha kutumika. Mama alikuwa kibao tu kwenye sanduku la kuhamia, amefungwa kwa taulo, na Kok Seng alikwisha kuoa, akazaa, akafa. Hapakuwa na wa kugombana naye isipokuwa mzee huyu mwenye mwavuli, ambaye kila mwaka alileta mafuta kwa siri na kurudi nyumbani kula chakula alichopika yeye. Alimwonea huruma, na huruma hiyo nayo ilimchosha.

"Bi Siok," alisema, "karatasi hii imekwisha. Unayo mpya?"

"Ipo. Na uji wa kubandikia upo. Ila ile ya zamani usiiondoe. Bandika juu yake tu. Jina la aliye hai haliachwi wazi, hata kidogo."

"Nishushieni."

Walimshushia kibao. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Aliingiza ukucha chini ya ukingo wa karatasi ambayo mama yake alibandika kwa mkono wake, akaivuta. Ilitoka kwa urahisi, ikivunjikavunjika. Bi Siok aligeuza uso ukutani akaanza kusoma dua. Eng Hooi alinyoosha mkono.

"Dada, funika. Nakuomba, funika."

"Ngoja kwanza."

Maandishi yalikuwa mazuri, dhahabu haikufifia hata kidogo, maana haikuwahi kuona mwanga. Jina lake lote, na chini yake nafasi ya tarehe. Alilisoma mara mbili. Hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia jina lake vizuri namna ile. Kisha alichovya vidole kwenye uji, akapaka pembe nne, akabandika karatasi mpya mwenyewe, akailainisha kwa kiganja mpaka mikunjo ikaisha.

"Kwenye daftari," alimwambia Bi Siok, "andika tarehe ya leo. Aliyeweka ni mimi."

"Ya mama siwezi kuifuta."

"Usifute. Andika chini yake."

Bi Siok aliandika, polepole, ulimi ukitokeza pembeni ya mdomo. Kibao kilirudishwa safu ya tatu, kando ya shangazi. Saw Kheng alipanga machungwa na biskuti mbele ya Peck Hua, akawasha udi. Kengele ya chakula ikalia huko ndani, na harufu ya tofu na uyoga ikaingia ukumbini.

Eng Hooi alichukua kikapu kitupu. "Haya, dada," alisema. "Twende nyumbani. Lay Choo atakuwa anauliza."

"Wewe nenda."

"Nikuache?"

"Kengele imelia. Hapa si pako."

Alisimama kidogo, kisha akatoka. Kupitia mlango uliokuwa wazi Saw Kheng alimwona akifungua mwavuli na kusimama kichochoroni kumngoja, hajui aangalie wapi. Bi Siok alimletea bakuli la wali na vijiti. Saw Kheng alivua viatu, akanyoosha miguu chini ya benchi, akaanza kula bila haraka.