Tulitibu Machozi Tu

Kidole changu kilishaizoea njia: kuanzia kwenye kona ya jicho, kushuka pembeni mwa pua, kukandamiza taratibu. Mwanangu Rejoice anakunja uso, usaha unachomoza, nafuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kabla sijamaliza jicho la pili, la kwanza limeshajaa tena. Pale stendi ya Makambako kila mwanamke aliyepita alisimama.

"Jamani, mbona mtoto analia hivyo? Mbembeleze!"

Halii, mama. Nilishachoka kulisema.

Rejoice alizaliwa na hali ya Down, ile ya mtoto kukua na kujifunza polepole maisha yake yote. Nesi alituambia siku ileile, mimi na mume wangu Hosea. Mimi nilisikia. Hosea akashikilia la macho.

"Haya macho ndiyo yanamrudisha nyuma," aliwaambia ndugu. "Yakipona, atakuwa kama wenzake."

Nilibishana naye weee, mwisho nikaacha, maana angalau hayo macho yalikuwa na tiba.

Kukanda hakukutosha. Kule Njombe daktari wa macho, Dk. Nathanieli, alisema watoto wa hali hii mirija yao ya machozi mara nyingi huwa myembamba, inaziba. Angemlaza kwa dawa ya usingizi, apitishe kiwaya chembamba azibue. Ila kwanza moyo upimwe, kwa sababu wengi wao huzaliwa na tatizo la moyo. Tukaenda, tukaambiwa mpimaji yuko safarini. Tukarudi, mashine mbovu. Tukarudi tena. Baridi ya Njombe iliniingia mpaka kwenye meno. Moyo ukakutwa salama. Nilimkabidhi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, nikabaki nimekumbatia shuka lake, naogopa kuliko siku niliyomzaa.

Mirija ilizibuka. Macho yakakauka, yakawa meupe, yanang'aa. Hosea akampigia simu mama yake kijijini Kichiwa.

"Mama, mjukuu wako amepona!"

Mama mkwe alichinja kuku. Alitupokea mlangoni, akamshika Rejoice mashavu kwa viganja vyote viwili, akamtazama sana. Rejoice akamchekea, ulimi nje.

"Macho yamepona kweli," alisema. "Na yeye mwenyewe atapona lini?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameahidiwa. Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, nimeyabeba tangu siku ya nesi, ila sikuwa na nguvu hata ya kufungua mdomo. Nilimtazama Hosea tu.

"Haponi, mama." Hosea ndiye aliyejibu. "Si ugonjwa huu. Ndivyo alivyo. Tulitibu machozi tu."

"Na Mama Rejoice alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Peke yake?"

Hosea alinyoosha mikono akamchukua mtoto mgongoni kwangu. Nikakaa kwenye mkeka, nikaegemea ukuta, usingizi ukanichukua. Ugali ulipoa, na hakuna aliyeniamsha.