Mama wa Jikoni

Chupa ilikuwa moja, glasi tatu, na Skolastika alikuwa ameamka na maneno yake yote mdomoni. Siku hiyo ama angepewa usimamizi wa baa, ama angeendelea kubeba sinia mpaka magoti yaote kutu. Walter, mtu wa Moshi aliyeinunua hoteli ile mwezi uliopita, hakumficha. "Mweleze mgeni wangu divai hii kwa Kiswahili kilichonyooka, na baa ni yako."

Mgeni mwenyewe alikuwa Erica, mwuza divai kutoka Arusha, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyosamehe. Walikaa kibarazani, juu ya ziwa. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa imemezwa na ukungu.

Skolastika alimimina kidogo kidogo. Alizungusha glasi yake, akanusa, akaonja, akaacha divai ikae juu ya ulimi.

"Zabibu hizi zimelelewa kwenye baridi," alisema. "Penye joto tunda huiva mbio, likawa sukari tupu. Kwenye baridi hujivuta, likaiva bila kupoteza uchachu wake. Ndiyo maana divai hii ni nyepesi, tena inanukia kama udongo uliopata mvua."

"Na huu mkwaruzo kwenye fizi?"

"Huo ni ukakasi, mama. Kama umeuma ndizi mbichi."

Erica aliweka glasi chini. "Ukakasi! Walter, miaka tisa nauza divai, nimekuwa nikiwaambia wateja 'inakamata mdomo'. Huyu binti umemtoa wapi?"

"Ana diploma huyo," alisema Walter, akivimba kana kwamba diploma ni yake.

Skolastika aliinamisha uso ili furaha isimwagike. Hakusema kwamba neno lile hakulipata chuoni. Alilipata kijijini kwao Simbo, kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, mama yake akimpa kipande aume na kumfundisha kusema: bado, ina ukakasi, funika.

Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka, na mama yake mwenyewe akatoka na sahani ya samaki, kuhe wa kukaanga.

Dorotea alikuwa kibarua wa kuparua samaki, siku tatu kwa wiki. Jikoni wote walijua yeye ni nani kwa Skolastika. Walter hakujua, na Skolastika hakuwahi kupata sababu ya kumwambia. Leo Feliksi mpishi alikuwa na sufuria mbili motoni, ndiyo maana sahani ikaangukia mikono ya Dorotea, mwenye khanga iliyotapakaa magamba.

"Karibuni chakula," alisema, akainama kidogo.

Walter alikuwa amechangamka. "Ahsante, mama! Hebu na wewe mkaribishe mgeni. Mmiminie, tupate baraka za mzazi."

Dorotea alifuta mikono. Akashika chupa kwa heshima, akamimina katika glasi ya Erica. Kisha akaiinua glasi ile, akanywa funda moja, akameza, akampa Erica kwa mikono miwili, tabasamu pana usoni.

Kwao Simbo hakuna namna nyingine. Mwenye kumpa mgeni kinywaji huonja kwanza mbele yake, ili mgeni ajue kwamba ndani hamna ubaya. Kumpa mtu pombe usiyoionja ni kumtukana.

Erica hakuipokea. Alitazama alama ya midomo ukingoni, akatoa leso, kisha akakosa la kuifanyia.

"Ee bwana we," alisema Walter polepole. Akamgeukia Skolastika. "Huyu ni nani?"

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote aliyoulizwa siku ile.

"Ni mama wa jikoni," alisema.

"Sasa ndiyo nini hiki alichofanya?"

"Hajazoea wageni." Angeweza kuishia hapo. Lakini Erica alikuwa akimwangalia, na baa ilikuwa karibu kiasi cha kuishika. "Ni ushamba tu, bosi. Mtuwie radhi."

Dorotea aliishusha glasi mezani bila kuigongesha. Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama mgeni asiyejua kwamba ameambiwa aondoke.

"Samahani, wakubwa," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Samahani, dada."

Dada. Kama anavyoitwa mhudumu yeyote, popote.

Dorotea alipoingia ndani, Walter alisema, "Mwambie Feliksi huyo mama asirudi tena kazini." Akachomoa funguo mfukoni, akaziweka mbele ya Skolastika. "Baa yako hiyo."

Erica alimpongeza, akaomba glasi nyingine. Skolastika aliileta, akamimina, na shingo ya chupa ikagonga ukingo wa glasi, mara ya kwanza siku ile.

"Bosi," alisema. "Yule ni mama yangu."

"Mama yako kivipi? Mama mdogo?"

"Aliyenizaa. Na ule si ushamba. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, mgeni anywe bila wasiwasi. Najua tangu nikiwa mtoto."

Erica alianza kuchambua mfupa wa kuhe usiohitaji kuchambuliwa. Walter hakukasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika. Aligeuza uso pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anavaa.

"Sasa mbona hukusema?"

Skolastika aliiweka chupa mezani.

"Nenda kamrudishe," alisema Walter. "Kazi yake ipo."

Jikoni Feliksi alimwonyesha mlango wa nyuma kwa mwiko, bila kumtazama. Skolastika alitoka mbio. Juu ya kilima, kwenye barabara ya mtaa wa Mwanga, wanawake walikuwa wakipanda na beseni zao, na katikati yao aliiona khanga ile yenye magamba.

"Mama!" aliita kwa nguvu zote.

Wanawake wanne waligeuka. Wa tano aliendelea kupanda.