Viatu vya Mzee wa Barazani

Chenji ilikuwa haijapoa mkononi mwa mteja, ikawa imeshalia ndani ya mkebe.

Fundi aliisikia ikigonga bati, kisha ikafuata ile sauti laini, "Mungu akuongeze, baba, akufungulie." Akauma uzi kwa meno, akautema pembeni. Kiatu cha yule bwana alikuwa amekishika tangu saa mbili asubuhi. Amekitia kisigino kipya, amekishona ubavu, gundi imembabua kidole. Bwana akambishia bei kama mtu anayenunua kiwanja. Akapunguziwa, akanuna. Halafu kilekile alichopunguziwa akageuka, akakidondosha kwa mtu aliyekaa tu, ambaye tangu kulipokucha hajainua hata unyoya.

"Umemwona?" alimuuliza muuza magazeti aliyetandaza meza yake upande wa pili wa ngazi. "Kwangu alikuwa hana. Kwangu alitaka kulia."

"Kwako ananunua kisigino," muuza magazeti alijibu bila kuinua macho. "Pale ananunua kiti peponi. Kiti cha peponi kwa bei ile, shemeji, hata mimi nikiwa na vijisenti nachukua viwili."

"Cheka tu. Kesho ukibeba meza yako kichwani, utacheka na nani?"

Muuza magazeti akayapanga upya magazeti yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Jumatatu mlinzi wa jengo alikuwa ameteremka ngazi na kirungu chake kwapani, akawapa maneno ya msimamizi kama alivyopewa: wapangaji wa juu wamechoka na ombaomba. Anawashika wageni wao nguo. Ikifika Ijumaa yuko hapo, baraza litafagiwa lote, asibaki fundi wala muuza magazeti.

"Mimi hapa nina miaka kumi na moja," fundi alimwambia siku ile. "Baba yangu alikaa hapa kabla hamjaziba zile nyufa."

"Mwambie huyo, sio mimi," mlinzi alisema, akaelekeza kirungu kwa mzee.

Fundi hakumwambia. Na huyo mzee angemwambia nini? Miezi minane walikuwa wamekaa hatua tatu kutoka ubavu hadi ubavu, na salamu zao zilikuwa za kuhesabika. Mzee alifika asubuhi kwa fimbo zake mbili, akiburuta mguu wa kulia, akaketi ukutani, akajifunika gunia kuanzia kiunoni kwenda chini, akaweka mkebe. Basi. Kazi imefunguliwa. Fundi alikuwa hata hamtazami. Alichokisikia ni mkebe tu, na kila ukilia yeye aliona kama sindano imemchoma mwenyewe.

Wateja wake alikuwa ameshawahubiria mpaka wamemzoea. "Msimpe pesa," aliwaambia, mdomo umejaa misumari midogo. "Pesa ndiyo mbolea yake, ndiyo inamwotesha mizizi hapa. Ukiwashwa na huruma mpe kitu. Mpe mkate, mpe shati. Akiona pesa hamna, atajihamisha mwenyewe."

Karani mmoja wa ghorofa ya tatu, mtu mrefu mwenye mazoea ya kuteremka ngazi mbilimbili, alimcheka sana wiki mbili zilizopita. "Fundi, wewe roho yako umeipiga soli."

"Soli ya tairi," alimjibu. "Haipitishi maji."

Basi saa tano kasorobo ya hiyo Alhamisi, mzee alimwita.

"Mama fundi."

Fundi aliendelea kupiga msumari.

"Mama fundi, samahani. Nina kazi yako."

Alikuwa amenyoosha mkono, mfuko wa nailoni ukining'inia kwenye kidole. Ndani yake mlikuwa na viatu vyeusi vya kamba, soli zimeachama mbele kama midomo ya watu wenye njaa.

"Vitie soli, uvipige rangi ving'ae. Nitakulipa. Sitaki cha bure."

"Utanilipa na sarafu za mkebe?"

"Zinanunua unga dukani kama zako, mwanangu."

Muuza magazeti alikohoa, akaficha kicheko nyuma ya gazeti. Fundi aliunyakua mfuko, akarudi kwenye kigoda chake. Uso ulikuwa umemchemka. Akakipindua kiatu cha kulia, akakiweka juu ya kile chuma chenye umbo la unyayo, akakitazama kisigino.

Mkono wake ukasimama.

Soli zilikuwa zikimweleza fundi mambo ambayo watu huwaficha wake zao. Anayesimama kutwa nyuma ya kaunta hula soli chini ya vidole. Mjamzito hula kisigino cha ndani. Na kiwete, huyo hahitaji kuelezwa na mtu: kiatu kimoja huisha, cha pili kinabaki na miaka yake, labda ncha tu imechubuka kwa kuburutwa. Hivi viwili vilikuwa vimelika sawasawa kama mapacha. Nyuma, ukingo wa nje, kulia na kushoto, kwa mshazari uleule. Hiyo ilikuwa hatua ya mtu mzima wa miguu, mtu wa hatua ndefu, mtu asiyeogopa ngazi.

Akavilinganisha tena. Akapitisha kidole gumba kwenye kisigino cha kulia, kisha cha kushoto. 

Miezi minane, alijiambia. Miezi minane mtu mzima ananilia riziki, na miguu anayo.

"Mlinzi!" aliita. "Njoo! Njooni na nyie mnaotoa! Njooni muone kisigino cha kiwete!"

Watu hawahitaji kuitwa mara mbili kwa neno kama hilo. Mlinzi akateremka. Wawili waliokuwa wanasubiri viatu vyao wakasogea, mwanamke aliyetoka duka la dawa akasimama, muuza magazeti akaiacha meza. Fundi akavipandisha viatu juu, soli zikawaangalia watu usoni.

"Mguu unaoburutwa ukale kisigino hivi? Mimi nimezaliwa kwenye misumari, mtu asinidanganye. Huyu anatembea! Akifika kona anafunga fimbo kwapani anakwenda kama mimi na wewe!"

"Mwanangu," mzee alisema, "hivyo viatu si vya—"

"Si vyako? Kumbe na wizi umo?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nilikuwa nampa kila siku," alisema yule mwanamke wa duka la dawa. "Kila siku, jamani! Mtoto wangu nikamnyima soda." Akainama, akachomoa noti yake kutoka kwenye mkebe.

"Simama," mlinzi alisema.

"Baba, siwezi kusimama bila—"

"Simama, unaigiza mbele ya nani?"

Akamtia mikono kwapani, akamnyanyua, akamwachia. Mzee alikwenda chini mzimamzima. Kiganja kikapiga sakafu, mkebe ukabiringika, sarafu zikatawanyika mpaka kwenye ngazi. "Ana kipaji!" mtu alipiga kelele nyuma. Mlinzi akashika ncha ya gunia, akalivuta lote.

Kicheko kikakatika.

Ule mguu wa kulia ulikuwa na unene wa mpini wa jembe. Goti lilitokeza kama fundo kwenye kamba, na chini yake hapakuwa na nyama, ni ngozi tu iliyoshika mfupa. Mwisho wake palikuwa na unyayo mdogo uliojikunja kwa ndani, laini kama wa mtoto ambaye hajaanza kukanyaga. Fundi, ambaye kila mtu alianza kumtazama miguuni kabla ya usoni, aliutazama kwa mara ya kwanza. Akaupima bila kutaka. Haukujaza hata namba thelathini. Viatu alivyokuwa amevipandisha juu ya kichwa chake vilikuwa arobaini na tatu.

Akavishusha taratibu.

 Yule mwanamke alibaki na noti yake mkononi, akaitazama, akautazama ule mguu, akaitia noti mkobani, akaondoka haraka kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. Wale wawili wakaona heri viatu vyao wavifuate jioni. Mlinzi alijikuna shingo.

"Amri ni amri," alisema mwishowe, akizungumza na ukuta. "Hata hivyo kesho ndiyo ilikuwa siku yake. Kusanya, mzee."

Mzee akakusanya. Alijisogeza kwa makalio, sarafu moja baada ya nyingine, na muuza magazeti akachuchumaa akamsaidia zile za mbali. Fundi hakuchuchumaa. Alitaka, lakini miguu ilikuwa kama imegandishwa kwa gundi yake mwenyewe. Mzee alipokwisha akajitundika kwenye fimbo zake, akapita mbele ya kigoda bila kugeuka, akashika njia ya sokoni.

Adhuhuri mlinzi alirudi, safari hii na tabasamu.

"Msimamizi anasema ubaki. Na wa magazeti abaki. Amefurahi mno, anasema una jicho."

"Hongera," muuza magazeti alimwambia fundi, mlinzi alipokwisha kupanda. "Baraza limepona. Mwenye jicho ametuokoa." Tangu asubuhi alikuwa akimwita shemeji. Sasa alimwita mwenye jicho, na hakuwa anatania.

 Fundi alivuta vile viatu, kwa sababu mikono lazima ishike kitu, akaanza kung'oa soli ya kulia. Alipoifungua nusu akakuta kiraka cha tairi kwa ndani, kimeshonwa kwa uzi wa buluu, mishono miwili miwili. Katika mji ule hakuna aliyeshona hivyo ila baba yake na yeye, na baba yake alikuwa chini ya udongo. Ilikuwa kazi yake mwenyewe. Akakumbuka na siku: mvua, karani wa ghorofa ya tatu amesimama kwa mguu mmoja kwenye gazeti, anamhimiza amalize.

Karani alikuwa amemsikiliza. Hakutoa pesa. Alitoa kitu.

Akavishona vile viatu kama hajawahi kushona. Alitia soli nene, akaisugua kingo mpaka kidole kikiteleza hakisikii kiungo, akatia kamba mpya, akapiga rangi mara tatu. Wateja walimsemesha, akawajibu kwa kichwa. Saa tisa akafunga sanduku kabla ya wakati, akashika njia ya sokoni.

Alimkuta nyuma ya ukuta wa soko, mahali ambapo jua lilikuwa limeketi lote na wapita njia ni wachache. Kiganja alikuwa amekifunga kitambaa. Mkebe ulikuwa mbele yake, na gunia hakuwa nalo. Mguu ulikaa wazi, kila mtu auone.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Viatu vimekwisha."

Mzee alivitazama kwa muda mrefu, bila kunyoosha mkono. "Umevitendea haki," alisema. "Hapo sikunyimi sifa yako."

"Ulitaka kumpa nani?"

"Leo unauliza?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Nilitaka kumpa mkwe wangu. Mume wa binti yangu. Ndiye anayenilisha, ndiye ananibeba nikiugua. Jumatatu anaanza kazi ya ulinzi, wamemwambia aje na viatu vyeusi. Yule karani aliponipa nikasema, leo na mimi nitaingia nyumbani na kitu. Nimpe mtu, anishukuru." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Tamaa ya mzee."

"Chukua basi. Mpelekee."

"Bei gani?"

"Hapana bei. Nimekosa, mzee wangu. Nakupa."

Mzee aliuchukua mkebe, akautikisa karibu na sikio lake, akauweka chini. "Nilikwambia sitaki cha bure. Za kukulipa nilikuwa nazo asubuhi."

"Utalipa ukipata. Hata baadaye. Hata usilipe."

"Mama," alisema, na lile neno mwanangu halikuwamo tena, "mimi napokea kwa kila mtu. Nimepokea kwa walevi. Nimepokea kwa mtu aliyenitemea mate kwanza ndiyo akanitupia. Sijachagua mkono miaka ishirini. Wako sipokei."

"Mkwe wako ataanza kazi na nini?"

"Hilo usinibebee."

Fundi alisimama pale mpaka jasho likamwingia machoni. Watu walipita, mmoja akadondosha sarafu, mzee akasema, "Mungu akuongeze," kwa sauti ileile laini, kama kwamba fundi hayupo. Mwishowe akainama, akaviweka viatu vile kando ya mkebe, ncha zikitazama barabarani, akageuka, akaondoka kwa hatua za haraka.

Alipofika penye kona alisikia kitu kikikwaruza ardhi, akatazama nyuma. Mzee alikuwa ameinyoosha fimbo yake. Kwa ncha yake alivisukuma viatu polepole, kimoja kisha cha pili, asivichubue rangi, mpaka vikafika katikati ya njia. Kisha akairudisha fimbo mapajani.

Wakati huo kiwanda cha jirani kilikuwa kinatoa watu. Walikuja kwa wingi, vichwa chini, wamechoka, na kila walipofika pale waligawanyika, hawa kushoto, hawa kulia, wakavizunguka vile viatu vyeusi vinavyong'aa, wakaungana tena mbele, wakaenda zao.