Daftari Lililochomwa Sura ya Kwanza

Uvumi ulimganda Bi Zuhra kama kupe: akiubandua huku, unang'ata kule. Ati Firdausi, bintiye wa pekee, ana Mkongomani katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Jina lake Rigobert. Huonana siku ya gulio, na wamepanga kutoroka.

Aliyemletea ni jirani yake Maximilla, muuza maharage wa soko la Kasulu.

"Mama Firdausi, mimi si mbeya. Lakini hata shati lake wasichana wanalijua. Lina mistari ya bluu."

Uvumi wenye shati, nani ataupinga? Zuhra aliishia darasa la saba, akaolewa, akafiwa na mume. Duka la vitenge aliliendesha mwenyewe. Tegemeo lake lilikuwa Firdausi, aliyemaliza kidato cha nne mwaka ule wa 2013, akingoja matokeo aende cha tano. Asubuhi moja, binti akiwa kisimani, Zuhra akainua godoro lake. Palikuwa na daftari. *Rigobert wangu, Ijumaa nitakungoja penye gulio. Mama hajui lolote.* Hakufunua ukurasa wa pili. Alilisokomeza mekoni, chini ya sufuria, likateketea lote.

Wiki ile ile akakubali posa ya Badru wa Kibondo, muuza vipuri vya pikipiki, mtu mzima mwenye mke tayari. Shemeji yake Zuhra, kaka wa marehemu, akasimama kama walii. Pete ikapokewa, kanga zikapokewa, pilau ikaliwa.

Firdausi aliuliza kitu kimoja.

"Mama, daftari langu liko wapi?"

"Limefuata moshi. Na huyo Rigobert wako alifuate."

"Rigobert nimemtunga mimi. Ni hadithi."

"Hadithi gani ina shati?"

"Sasa mama, ulitaka atembee kifua wazi?"

Kisha akakaa, akamweleza taratibu, kama mwalimu na mtoto mzito. Mapenzi ya vitabuni yana aina zake. Kuna ya tajiri na maskini. Kuna ya wanaoanza kwa kutukanana, wakaishia kuoana. Kuna ya jini na binadamu. Kuna ya upelelezi, busu moja na bastola kumi. Na kuna ya waliokatazwa kupendana. Hayo ndiyo wenzake shuleni waliyoyapenda, akawaandikia sura kila wiki, wakapokezana hadi Buhigwe.

"Wewe umesoma sura ya kwanza," alisema. "Ya mwisho, msichana anamwacha, anakwenda kusoma."

Kesho yake Zuhra akaifunga pete kwenye leso, akaenda Kibondo. Bi Kudra, shangazi yake Badru, alimkaribisha kwa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hadithi? Haya dada, nionyeshe."

"Daftari nililichoma."

"Ulilichoma." Bi Kudra akamwongezea kahawa. "Mji mzima unasema binti ana mtu, sisi tukamsitiri. Leo urudishe pete, kesho sokoni uwasomee majivu?"

"Wenzake walilisoma. Watashuhudia."

"Binti gani atamwambia mamaye alikuwa akisoma mapenzi chini ya dawati? Kunywa, dada. Inapoa."

Zuhra akarudi na pete ile ile. Shemeji naye alikuwa na jibu moja: posa ikivunjika, uvumi umethibitika, na Firdausi hatapata wa kumwoa Kibondo wala Kasulu. Siku ya kumwuliza ridhaa, Firdausi alimtazama mama yake, akangoja. Zuhra alikuwa na neno, akalimeza kwa kuwaogopa watu. Binti naye akanyamaza. Kimya cha mwari ni kukubali, wakasema wazee, wakafungua kitabu cha ndoa, akaozwa.

Matokeo yalitoka Februari. Alikuwa amefaulu. Zuhra alipompelekea habari Kibondo, alimkuta akichambua mchele wa watu saba.

"Asante, mama," alisema, akaendelea kuchambua.

Kwa hiyo, mama mwenye binti msomaji, epuka haya:

Kusoma ukurasa mmoja ukajiona umemaliza.

Kuchoma kitu ambacho hujamwuliza mwenyewe.

Kumwamini jirani kwa sababu anajua rangi ya nguo.

Kupokea pete ukiwa na hasira.

Kudhani kila anayeandika mapenzi anayo.

Kunyamaza siku mwanao anapokutazama.