Nusu Kichwa cha Mama Mkwe

Nesi alimwambia Msusi avue hereni, pete na kipini, akavitia vyote kwenye bahasha na kumkabidhi mumewe. Kisha akamuuliza kama ana meno ya bandia. Msusi akasema hana. Nesi akamwinua mdomo wa juu kwa kidole, akahakikisha mwenyewe, maana wanawake, alisema, huficha meno ya bandia kuliko wanavyoficha wapenzi. Akampa gauni la kijani la kufungwa mgongoni kwa kamba mbili, moja imekatika, na kofia ya plastiki ya kufunika nywele.

"Gauni hili linaacha makalio nje," alisema Msusi.

"Usijali, dada. Leo watu wote watakuwa upande wa mbele."

Msusi alicheka, akafunga ile kamba moja iliyobaki. Hofu yake ilikuwa imemkaa magotini tangu asubuhi, na kila aliposimama ilisimama naye.

Tumbo lake lilikuwa na ukubwa wa mimba ya kukaribia kujifungua, na ndani hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na fibroidi, vinundu vya nyama vilivyoota kwenye kizazi, vingi hata daktari aliyevitazama kwenye picha alianza kuvihesabu akaona afadhali aseme "vingi". Damu ya mwezi ilikuwa haijui tena mwezi umeanza lini na umeisha lini. Msusi alisuka wateja akiwa amekalia taulo jeusi, na zaidi ya mara moja alizimia na kitana mkononi, mteja akamdaka. Kwenye foleni watu walimpisha mbele na kumuuliza anatarajia kujifungua lini. Alipopewa siku ya upasuaji akaanza kuwajibu: "Jumatano." Wakamwombea heri.

Jambo alilolitaka lilikuwa moja, na alikuwa amemwambia mumewe waziwazi wakiwa mezani.

"Wakifungua wakakuta kizazi kimeharibika, waambie wakitoe. Binti yetu tunaye. Mimi nataka kuamka tu."

Mumewe, ambaye alikuwa fundi wa friji, alimalizia kutafuna na kusema, "Tutaona."

Hiyo "tutaona" ndiyo iliyompanda Msusi magotini. Katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuona, na huyo alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa akimngoja mjukuu wa kiume. Jina la marehemu mumewe alikuwa amemwekea mtoto huyo, na kila mara alilitaja kwa sauti ya kuuliza, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo. Lakini wiki ile alikuwa na jingine pia. Jumamosi alikuwa na miadi na dereva wa treni mstaafu, mgane, mwenye suti ya kijivu na meno yake yote. Nyumbani alisema anakwenda kumtazama mgonjwa. Kwa ajili ya mgonjwa huyo alikuwa amefumua nywele, na Msusi alikuwa ameahidi kumsuka mistari Alhamisi. Kisha hospitali ikaita. Basi mama mkwe alifika pale na kitambaa kichwani, amekivuta mpaka kwenye nyusi, na uso wa mtu aliyekosewa heshima.

Ndani, daktari wa usingizi alimwambia Msusi afikirie kitu kizuri. Msusi akafikiria kuamka. Taa ya juu ikapanuka, ikawa nyeupe kotekote, naye akatoka.

Alitoka kwa mlango, kama watu wote. Alikuja ukumbini miguu peku, kofia ya plastiki kichwani, mkono mmoja umeshika gauni kwa nyuma, akakaa kwenye benchi walipongojea mumewe na mama mkwe. Mwili wake ulibaki mezani, tumbo limefunguliwa, na kupitia mlangoni alisikia vyuma vikiwekwa kwenye sinia.

"Umetoka?" aliuliza mumewe.

"Wameanza. Wameniambia nilale, nikaja huku."

Mumewe akasogea ampe nafasi. Mfagiaji alikuwa akija na ufagio wake polepole.

"Inueni miguu, wazee," alisema. Akamtazama Msusi. "Na wewe unayepasuliwa, inua."

Msusi akainua. Mfagiaji akapitisha ufagio chini yake, akaenda zake. Wagonjwa wengi hutoka, alisema akiwa mbali, na shida yao ni moja, wanaomba chai na kuinywa hawawezi.

Mama mkwe alimwangalia mkamwana wake kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu. Kisha akafungua kitambaa.

"Maadamu umepata nafasi," alisema.

Akatoa kitana na kopo la mafuta ya nywele kwenye mkoba, akatandika mtandio sakafuni, akakaa katikati ya magoti ya Msusi. Msusi akagawa nywele kwa mkia wa kitana, akaanza upande wa kushoto. Mikono yake haikuhitaji kuambiwa. Alipofika mstari wa pili, magoti yalikuwa yameacha kutetemeka, au pengine yalikuwa yamebanwa tu na mabega ya mama mkwe.

Mlango ukafunguka. Daktari alisimama pale, glovu zake nyekundu mpaka kwenye viwiko, ameinua mikono asiguse kitu.

"Ndugu wa mgonjwa nani?"

Fundi wa friji akasimama. Msusi naye akainua mkono wenye kitana.

"Mimi."

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mimi mwenyewe."

Daktari alimtazama bila ubaya wowote, kama mwenye duka anavyomtazama mteja aliyefika wakati ameshafunga.

"Mama, wewe umelala. Siwezi kuchukua neno la mtu aliyelala. Nataka ndugu." Akamgeukia mume. "Mzee, vile vinundu vimechimba kizazi chote. Tunatoa, damu haikamatiki. Inabidi kizazi kitoke. Ruhusa tuliyonayo ni ya vinundu tu. Unasemaje?"

"Kitoeni," alisema Msusi.

Daktari alikuwa bado anamtazama mume. Mume alikuwa anamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anatazama ukuta, kwa sababu nywele zake zilikuwa zimeshikwa.

"Kizazi kisiguswe," alisema mama mkwe kutoka sakafuni. "Muongezeeni damu."

"Mama, anaweza kufa," alisema daktari.

"Anaweza pia asife."

Daktari alisema atarudi, ila wasikawie kushauriana. Mlango ukafungwa.

"Mama," alisema Msusi, "mimi ndiye huyu. Nakwambia kwa kinywa changu nataka kitoke."

"Nimekusikia. Nyie vijana mna haraka. Kizazi si chako peke yako, ulikuja nacho kwetu. Hapo sikioni kaza kidogo."

Msusi akakaza. Akamgeukia mumewe.

"Mume wangu, sema neno."

"Si unamjua mama alivyo."

Huyu alikuwa mtu ambaye akiingia tu jikoni kwa mteja husikia friji inakovuja gesi, kabla hajaifungua. Sasa mkewe alikuwa anavuja ubavuni pake, na alichokisikia ni "si unamjua mama alivyo" ya kwake mwenyewe, akaona imetosha.

Vidole vidogo vya miguu ndivyo vilivyotangulia. Vilipauka, kisha vigae vya sakafuni vikaonekana ng'ambo yake. Msusi aliviangalia vikienda. Zikafuata nyayo, vikafuata visigino, bila maumivu, kama chumvi inavyopotea kwenye maji. Mfagiaji aliporudi alipitisha ufagio pale palipokuwa na miguu na hakuomba uinuliwe mguu wowote. Hapo hofu ya Msusi, ambayo iliona magoti nayo hayatadumu, ilipanda tumboni, na tumbo lenyewe lilikuwa ndani mezani. Ikapanda mpaka kinywani. Alitaka kupiga kelele, akasuka.

Alimaliza upande wa kushoto. Mistari ilinyooka kama imepigwa rula. Alipogawa upande wa kulia, kitana kilianguka. Hakukiachia. Kilipita katikati ya vidole vyake kikatua begani kwa mama mkwe.

"Mbona umesimama?"

"Vidole vinaisha, Mama."

"Vinaishaje?"

"Damu inatoka huko ndani. Ikiisha ya mwisho, na mimi basi." Akavuta pumzi. Akili yake, ambayo ilikuwa imejificha pembeni kwa woga, ikachungulia. "Na kichwa kitabaki hivi."

Mama mkwe akapeleka mkono kichwani. Kushoto alikuta mistari. Kulia alikuta nywele zimesimama kila moja na njia yake.

"Nipige picha," alimwambia mwanawe.

Fundi wa friji akampiga picha kwa simu, akamwonyesha. Mama mkwe aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama daktari. Upande mmoja alikuwa mwanamke wa kufunguliwa mlango wa gari. Upande wa pili alikuwa jogoo aliyenyeshewa.

"Kuna wasusi wengine," alisema.

"Wapo. Watakufumua kwanza. Na hizi za mbele, Mama, hazistahimili kufumuliwa tena wiki hii. Zitabaki kwenye kitana."

Huo ulikuwa ukweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ilijazwa na woga.

"Kitambaa nitafunga."

"Funga. Atadhani una upara."

Ndani, chombo cha chuma kilianguka na mtu akasema upesi, upesi. Magoti ya Msusi yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe alikuwa ameegemea hewa na alianza kuhisi baridi mgongoni.

"Mgonjwa ninayekwenda kumwona," alisema polepole, "ni mtu wa macho sana."

"Ndivyo nilivyosikia."

"Mwambie daktari akitoe," alimwagiza mwanawe.

"Chote, Mama?" aliuliza fundi wa friji.

"Chote! Unauliza nini na vidole vya mwenzio vinaisha?"

Fundi akaenda mlangoni akagonga. Daktari akatoa kichwa.

"Mama amekubali," alisema fundi.

"Vizuri sana, mzee," alisema daktari, na mlango ukafungwa.

Mama mkwe akampa Msusi kitana kwa juu ya bega. Msusi hakukihisi. Aliendelea kusuka kwa macho tu, akibana nywele kwa kivuli cha kidole dhidi ya kivuli cha kidole kingine, na kila shungi lilipomponyoka alitazama mlango, akijua mlango ukifunguka mapema mno ni habari mbaya. Haukufunguka. Alipofika katikati ya upande wa kulia, kitu cha moto kiligusa ncha ya kidole gumba chake. Ilikuwa ngozi ya kichwa cha mama mkwe. Hakuwa amewahi kupenda kitu kama alivyoipenda ngozi ile wakati huo. Magoti yakarudi na kutetemeka kwake. Nyayo zikarudi, zikakuta sakafu ni baridi.

Akafunga mstari wa mwisho.

"Tayari, Mama," alisema, na kinywa chake kilikuwa kikavu, na alikuwa amelala chali wodini, maumivu yamemkalia tumboni kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Vidole vyake vilinuka mafuta ya nywele.

Daktari alipopita wodini alimpa mumewe mkono, juu ya tumbo la Msusi.

"Uliamua vyema, mzee."

"Ni mama," alisema fundi kwa unyenyekevu.

Daktari akampa mama naye mkono. Msusi hakupewa mkono. Wake ulikuwa na dripu, hiyo pia ni sababu.

Wageni walipokuja, mama mkwe aliwaeleza vile vinundu alivyoonyeshwa kwenye ndoo: kimoja kama kichwa cha mtoto mchanga, vingine kama viazi, kingine kama ngumi ya mtu mwenye hasira. Alisema asingekuwa yeye kutoa ruhusa, leo wangekuwa wanaongea mengine. Wageni wakamshukuru na kusifu nywele. Msusi akamwomba nesi avione na yeye.

"Huonyeshwa ndugu tu," alisema nesi. "Vimeshatupwa."

Jumamosi mama mkwe alikwenda kumtazama mgonjwa wake. Alirudi akiwa na uso mwororo na kusema anaendelea vizuri kuliko walivyotegemea.

Siku ya kuruhusiwa, Msusi alitembea amejikunja, mkono mmoja juu ya kidonda, mwingine kwa mumewe aliyebeba mkoba. Njia ya kutokea ilipita ule ukumbi. Kwenye benchi alikaa msichana mwenye gauni la kijani na kofia ya plastiki, miguu peku. Pembeni yake alikuwa mwanamume mwenye tai, simu mkononi.

"Shemeji, nakuomba," msichana alikuwa anasema. "Waambie watoe."

"Kaka yuko safarini. Ameniachia mimi. Sasa nikisema watoe halafu akaja akaniuliza?"

Mlango ukafunguka. "Ndugu wa mgonjwa nani?" Msichana akainua mkono. "Wewe umelala, dada," alisema daktari, na akamsubiri mwenye tai, na mwenye tai akaomba dakika chache zaidi.

Msusi aliachia mkono wa mumewe, akajishusha kwenye benchi taratibu, akiuma meno. Aliangalia miguu ya msichana. Vigae vilionekana mpaka kwenye vifundo. Kisha akamwangalia yule shemeji. Alikuwa na upara kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni, safi, unaong'aa kama sahani. Msusi akatafuta ndevu. Alikuwa amezinyoa.

"Mdogo wangu," alimnong'oneza msichana, "upesi. Huyu huwa anahitaji nini kutoka kwako?"

Msichana alifikiri. Alifikiri mpaka magoti yake yakaanza kupauka.

"Hajawahi kuniomba kitu," alisema.