Mafuko wa Bibi Thackray

Natamka kwa masikitiko makubwa kwamba mafuko, wale wanyama wadogo wachimbao mashamba, kumi na mmoja wakitundikwa juani wiki nzima hunuka kuliko bweni letu la shule baada ya mechi ya ragbi. Niliwatega mwenyewe kwa mitego ya marehemu Babu, nikawatundika kwa pua kwenye waya wa uzio mbele ya nyumba ya Bibi.

Nyumba hiyo ya mawe, vyumba viwili, mabwana wa shamba waliujengea ukoo wetu, wategaji wao wa mafuko. Mkataba ulikuwa mwepesi: tutakaa humo maadamu kila mwisho wa Mei kuna mafuko kumi kwenye uzio, na msimamizi amegusa kila mmoja kwa kidole kitupu. Kidole, kwa sababu zamani kuna babu yetu mmoja aliyetundika soksi zilizojazwa nyasi.

Msimamizi mpya, Bwana Loxley, alitaka nyumba iwe ya watalii wa London. Angetundika sepetu la Babu ukutani na kupaita "Maisha Halisi ya Kibarua". Alishapima chumba cha Bibi ili aweke beseni la jakuzi, Bibi akiwa humo humo anakunywa chai. Kwangu mimi hilo lilinuka zaidi.

"Mama Thackray, tusisumbuane," alisema siku ilipofika. "Mtegaji amekufa. Nyumba inarudi."

"Tazama uzio, mwanangu."

Akatazama. Akaziba pua kwa tai. "Nani kawatega? Huyu mtoto wa bweni? Hizo ni soksi!"

"Gusa basi."

"Wana funza, mama!"

"Soksi zina funza tangu lini?" nikauliza kwa unyenyekevu.

Angeweza kuondoka. Lakini alikuwa na uhakika wa soksi, akanyoosha kidole. Wa kwanza, fuko. Wa pili, fuko. Akaendelea kwa hasira, akibonyeza kwa nguvu zaidi, hadi kwa wa saba kidole kikazama chote. Kilipotoka, kilitoka na vitu. Bwana Loxley akatapika juu ya kabichi za Bibi, kisha, kwa ukaidi ninaouheshimu, akamalizia wanne waliobaki.

Alitia sahihi kwenye mkataba kwa mkono wa kushoto.

"Msimamizi wa zamani alikuwa akimaliza anakula keki yangu," Bibi akamwambia. "Karibu. Ila kanawe."

Hakula. Bibi akanigeukia.

"Mwakani watundike mapema zaidi, mjukuu wangu. Wewe ndiye mtegaji sasa, mpaka nife."

Bibi ana miaka sabini na miwili. Mama yake alifika mia na moja.