Flashi ya Harusi ya Wema

Jumapili moja ya Februari 2008, baada ya ibada, Elinaja aliketi mezani kwenye nyumba yake ya kupanga Apple Valley, Marekani, akachomeka flashi kwa mara ya tisa. Kompyuta haikuiona. Flashi ilikuwa na video ya harusi ya dada yake, Wema, na Redempta wa kanisani kwao alikuwa ameibeba kutoka nyumbani Machame ndani ya pakiti ya majani ya chai. Elinaja hakuwa na haja sana na bwana harusi. Alitaka kumwona mama yake, ambaye hakuwa amemtia machoni kwa miaka saba, kwa kuwa makaratasi yake yalikuwa bado kwa mwanasheria na akitoka Marekani asingerudi. Sauti alikuwa nayo, kila Jumamosi kwa kadi ya simu. Sura ndiyo iliyokuwa imeanza kumtoka.

Alijaribu tundu la mbele, akajaribu la nyuma. Aliipuliza flashi, jambo ambalo halijamsaidia mtu yeyote lakini watu hawaliachi. Mwishowe akampigia Nahashon, Mkenya wa mji wa Blaine anayehudumia wazee siku tano za wiki na kompyuta za marafiki siku zilizobaki. Ndiye aliyemwekea Linux badala ya Windows.

"Usi-panic," Nahashon alisema. "Fungua terminal, andika dmesg, halafu uniambie hizo line za mwisho zinasema nini."

Elinaja akaandika. Mstari wa kwanza ulisema kifaa kipya kimeingia tundu la pili. Wa pili ulisema kifaa hicho si diski. Wa tatu ulisema ni mama.

"Inasema ni mama."

"Mama ya nani?"

Elinaja aligeuka. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha upande wa jiko, kavaa gauni jeupe la umoja wa wanawake wa usharika, miguu peku, udongo mwekundu kwenye visigino.

"Mama yangu," alisema kwenye simu.

"Sawa. Nakuja. Barabara iko na snow, nipe kama one hour."

Elinaja alimwamkia mama yake, naye akaitikia. Kisha akatoa pamba puani, akaiweka kwenye kisosi na kuomba chai. Alipopewa alionja, akasema maziwa ya huku ni maji.

"Mama, hiyo pamba ni ya nini?"

"Si nilizikwa, baba. Machi ya mwaka jana. Niko kule kwenye migomba, karibu na baba yako."

Kuja kwa mama yake hakukumshangaza Elinaja. Mama yake siku zote alikuwa mtu wa kutembelea watu bila taarifa. Lililompiga ni hilo la Machi.

"Jana nimeongea na wewe. Umeniuliza kama nakula."

"Huyo ni Wema," mama alisema, akipuliza chai. "Ukoo ulikaa kikao. Wakasema ukiambiwa utapanda ndege, na ukipanda ndiyo basi, umepoteza yote. Wakamchagua Wema, maana sauti yetu ni moja. Ananiiga vizuri. Ila anakohoa kupita kiasi."

Elinaja alikaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu. Alikumbuka Jumamosi moja ya Machi iliyopita, mama alipolia kwenye simu hadi akashindwa kusema, kisha akajitetea kwamba ni moshi, kuni mbichi. Siku ile Elinaja alimcheka. Sasa aliona aibu na hasira kwa pamoja, na hakujua aanze na ipi.

Nahashon alifika, akavua buti mlangoni, akamsalimu mama na kuketi kwenye kompyuta. Hakuchukua muda.

"Huyo cameraman alitumia flash moja," alisema. "Ali-record mazishi, akafuta haraka haraka, akaweka harusi juu. Kwa Windows ungeona harusi peke yake. Hii Linux inasoma mpaka chini. Naweza ku-repair, uone harusi. Lakini mathe ataenda."

"Harusi ilikuwa nzuri," mama alisema. "Nilisikia matarumbeta juu yangu kutwa nzima."

"Usiguse kitu," Elinaja alisema.

Nahashon akatoa plasta ya kazini mfukoni, akaibana flashi isichomoke. Alimaliza chai yake, akarudi Blaine.

Wiki nzima Elinaja alipanga maneno. Angemwambia Wema kwamba wamemnyima kumlilia mama yake, kwamba hakuna kikao chenye haki hiyo. Jumamosi asubuhi alikwangua kadi mpya na kupiga. Mama alikuwa mezani, anachambua mchele ambao haukuwa na mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Wema akajibu kutoka Machame, na mama akaitikia naye kwa mazoea.

Wema akakohoa. Mama akamtazama Elinaja, kama kusema si nilikuambia.

"Harusi umeiona, mwanangu?"

Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Elinaja alisikia pumzi ya dada yake ikitetemeka, inangoja.

"Nimeiona. Ulipendeza sana, mama."

Kule kwingine kikazuka kilio, kile kile cha Machi. "Ni moshi tu, baba," Wema alisema. "Kuni mbichi."

"Pole, mama," Elinaja alisema. "Pole sana."

Kadi ilikuwa imebakiza dakika sita. Wote watatu walizikaa bila kusema kitu, mpaka zikaisha.